Itifaki ya Nanii

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta, na Hemedi Lugendo bado anapokea vitu dirishani. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa anakwenda sambamba na behewa, kanga imemtoka begani, akimpenyezea kimoja kimoja: chupa ya chai, mkate wa kumimina, soksi, na mwisho kabisa chaja ya simu ambayo Lugendo aliisahau kitandani.

"We nanii! Chaja!"

"Ilete, nanii, ilete, treni hii haina breki za huruma!"

"Utanipigia?"

"Kila magharibi."

"Hata kama huna la kusema?"

"Nikikosa la kusema nitapiga hivyo hivyo, tukae kimya wote."

Sikudhani akacheka huku anakimbia. Kisha sakafu ya stesheni ikafika mwisho, na yeye akafika mwisho nayo, akabaki amesimama pale anazidi kuwa mdogo. Lugendo alikaa na chaja mkononi mpaka alipoulizwa tiketi.

Hapo msomaji atauliza, mbona mtu na mkewe wanaitana nanii, kana kwamba wamesahauliana majina? Hawakusahauliana. Kwa watu wa rika lao, mke hamtaji mume kwa jina, na mume mwenye haya hamtaji mke. Wenzao huitana Baba Fulani na Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Lugendo na Sikudhani hawakujaliwa mtoto. Miaka ya mwanzo walikuwa wanaanza tu, "We... nanii," wakingoja jina lije. Halikuja, nanii ikabaki. Ikazoeleka, ikawa tamu. Hata kwenye simu zao wamehifadhiana hivyo hivyo, Nanii kwa Nanii.

Sasa tuje kwenye mambo ya serikali.

Ziko nchi tatu: Juu, Chini na Kando. Msomaji asijisumbue kuzitafuta kwenye ramani, maana ramani yenyewe bado iko kwenye kamati. Nchi hizi ni ndugu. Zina wimbo wa pamoja, bendera ya pamoja, na sikukuu ya pamoja ambayo kila nchi huiadhimisha tarehe yake. Kitu kimoja tu kilikuwa kinazitenganisha, nacho ni plagi. Plagi ya Kando ilikuwa na vyuma vitatu vya bapa. Ya Juu ilikuwa na viwili vya duara. Chini hawakuwa na plagi. Walichuna nyaya mbili, wakazitia ukutani, wakazibana kwa njiti za kiberiti, na serikali yao iliuita utaratibu huo Mfumo wa Asili na kuulinda kwa sheria. Matokeo yake, mtu wa Kando akihamia Juu na pasi yake, pasi inageuka pambo la mezani.

Wakuu wa nchi tatu wakakutana, wakapiga picha, wakatoa tamko: umeme ni mmoja, haifai matundu yatofautiane. Ikaundwa Kamati ya Pamoja ya Kuoanisha Plagi na Soketi za Majumbani, makao yake mji mkuu wa Juu. Kila nchi ilete mjumbe mmoja, na mjumbe haruhusiwi kuondoka mpaka Itifaki itiwe saini.

Kando walimchagua Lugendo. Alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, umeme hakuujua zaidi ya kuuwasha na kuuzima. Ila katika wizara nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sanduku lenye magurudumu, na Waziri, Mheshimiwa Tindwa, alisema taifa haliwezi kuwakilishwa na mtu aliyebeba kiroba.

"Lugendo," Waziri alimwambia siku ya kumuaga, "unakwenda kuchomekwa katika historia. Usichomoke."

"Nitakaa huko muda gani, Mheshimiwa?"

"Wiki mbili. Ni suala la matundu tu."

Ndizo wiki mbili alizomwambia mkewe.

*

Nyumba ya wageni aliyopangiwa ilikuwa ya mama mmoja mnene, mchangamfu, aitwaye Mama Rukonge. Lugendo aliweka sanduku chini, akatoa chaja, akaikuta soketi ina matundu mawili ya duara. Juu yake pamebandikwa tangazo lenye nembo ya taifa.

"Baba, simu hiyo ya Kando?" Mama Rukonge aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo, mama. Naomba adapta."

Mama Rukonge aliingia, akafunga mlango, akashusha sauti. "Hilo neno usilitamke hapa. Hapa hilo ni siasa. Wamesema adapta inatangulia maamuzi ya kamati."

"Basi niazime chaja ya hapa."

"Haisaidii. Soma tangazo. Mpaka Itifaki isainiwe, chombo chochote cha kigeni hakinywi umeme wa taifa."

"Hata funda moja?"

"Wiki iliyopita wamemchukua mgeni hapo chumba cha pili. Alikuwa ananyoa ndevu kwa mashine ya kwao. Ametoka na shavu moja."

Lugendo akapima chaji iliyobaki kwa jicho, kama mtu anayepima unga kwenye debe mwezi haujaisha. Magharibi ya kwanza alipiga, wakazungumza kidogo. Magharibi ya pili Sikudhani alikuwa anamweleza habari za kuku. "Nanii, hutaamini, nimemkuta ametaga ndani ya kiatu chako, kile cha—" Simu ikazima. Lugendo alibaki ameishika sikioni, anangoja kujua ni kiatu kipi.

Namba ya mkewe hakuijua kwa kichwa. Nani siku hizi anajua namba kwa kichwa? Ilikuwa imelala ndani ya ile simu iliyokufa, tena kwenye simu yenyewe, si kwenye laini. Alikumbuka mwanzo wake, na alikuwa na hakika kwamba inaishia na sita au tisa. Basi kila jioni baada ya kikao alikwenda kwenye kibanda cha kupigia simu, akajaribu. Alipata fundi viatu. Alipata msichana aliyemtukana vizuri sana. Alimpata mzee mmoja wa huko huko Kando.

"Si Sikudhani huyo?" Lugendo aliuliza, kwa kuwa kwa mgeni alikuwa hana budi kulitaja jina.

"Hapana, mwanangu. Mimi Mzee Lutome. Lakini usikate. Huko kumenyesha?"

"Kumenyesha, mzee."

"Huku bado. Mihogo inakaa tu. Haya, niambie, wewe umekula?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Lugendo kama amekula tangu atoke nyumbani. Akasema amekula. Wakaongea mpaka mwenye kibanda akakohoa. Siku iliyofuata alijaribu namba nyingine, na ya Mzee Lutome nayo akaipoteza.

Kwa hiyo, wakati wenzake walikuwa wanafuata heshima ya mataifa yao, Lugendo alikuwa anafuata jambo moja: Itifaki isainiwe, simu inywe, ampigie mkewe kabla hajamdhania kafa.

*

Kamati ilikuwa na watu watatu. Juu walimweka Profesa Balozi Ishengwa, ambaye alikuwa na digrii nyingi hata akawa anakohoa kwa Kilatini. Chini walimleta Bi Theodosia Mkwilima, mama mrefu mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa na kiberiti mbele yake kama sampuli ya taifa. Na Lugendo, na plagi ya Kando iliyofungwa ndani ya bendera ndogo.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kuvipa jina vile vyuma vinavyotokeza kwenye plagi.

"Sisi Kando tunasema miguu," Lugendo alieleza. "Hii ni plagi ya miguu mitatu."

Profesa Ishengwa aliweka kalamu chini. "Mheshimiwa Mjumbe, unajua Rais wetu anatembeaje?"

Lugendo hakujua. Akaelezwa kwamba Mtukufu Rais wa Juu, kwa umri wake uliojaa hekima, anatembelea fimbo, na tangu wahuni fulani wapite mitaani wakiimba habari za miguu mitatu, maneno hayo mawili yakikaa pamoja ni uhaini.

"Basi tuseme meno," Lugendo alisema. "Meno matatu."

Bi Theodosia alisimama wima. "Mjumbe wa Kando ananitukania Baba wa Taifa!"

"Baba wa Taifa ana nini tena?"

"Anayo mawili! Na ya mbele halafu! Unamtangazia la tatu, unataka wananchi waanze kuhesabu?"

Kikao kikaahirishwa ili hasira zipoe, chai ikaletwa. Chai ile iliandamana na sambusa za nyama, za moto, zenye pilipili kidogo, na msomaji azitie maanani sambusa hizo, maana ndizo zilizokuwa zikiongoza kamati. Kila hoja ilipokaribia kuiva, Profesa aliinusa hewa, akasema, "Nadhani suala hili linahitaji tafakuri," na Bi Theodosia, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajakubaliana naye kwa lolote, alikubali. Walipojaribu "vidole", ilionekana vidole viwili ni saluti ya chama kilichofutwa. Walipojaribu "pembe", viongozi wa dini waliandika malalamiko kabla hata kikao hakijafungwa. Lugendo akapendekeza waseme tu kile kinachoingia na kile kinachoingiwa. Bi Theodosia alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na Profesa akaamuru maneno hayo yafutwe na mwandishi wa kikao apewe mapumziko.

Masika yakaja, yakapita. Suruali ya Lugendo ikaanza kuhitaji mshipi. Siku moja alimuuliza Bi Theodosia mezani, "Mama, wewe huna watu nyumbani wanaokungoja?"

"Ninao." Alikuwa anapulizia sambusa. "Lakini wamenizoea nikiwa sipo. Nikirudi nawasumbua. Wewe?"

"Mimi nyumba yangu ina watu wawili. Nikitoka siachi familia. Namwacha mtu."

Bi Theodosia alimtazama, akamsogezea sahani. Ndilo jambo pekee la upole lililopata kutokea katika kamati ile, na halikuingia kwenye kumbukumbu.

Masika ya pili yalikuwa yanakatika siku ile Lugendo alipoamka hana nguvu za kubishana. Alipopewa nafasi alisimama, akaishika plagi yake, akaitazama. Alitaka kusema vyuma hivi, lakini vyuma vilishakataliwa kwa kuwa ni jina la jela moja ya Juu. Akapapasa neno, hakulipata.

"Waheshimiwa," alisema, "plagi iwe na hizi... hizi... nanii. Hizi nanii tatu."

Profesa alivua miwani.

"Rudia."

"Nanii."

"Nanii." Profesa alilionja lile neno kama sambusa. "Nanii tatu. Bi Theodosia, kuna mtu yeyote mwenye cheo, huko kwenu, anayeweza kutukanika kwa neno nanii?"

Bi Theodosia aliwafikiria viongozi wake mmoja mmoja, kutoka kichwani hadi miguuni. "Hakuna."

"Hata kwetu hakuna. Halimtaji mtu. Halitaji kitu! Waheshimiwa, hili ni neno lililokomaa kidiplomasia!"

Wakapiga makofi, na mwandishi wa kikao akapiga makofi. Lugendo aliinua mkono. Alitaka kuwaambia kwamba neno lile lina mwenyewe, yuko Kando, ana kanga ya rangi ya ukwaju na kuku anayetagia viatuni. Profesa akauliza, "Mjumbe ana pingamizi?"

Akiwa na pingamizi, masika ya tatu. Asipokuwa nalo, kwao.

Lugendo akashusha mkono.

*

Itifaki ilisainiwa mbele ya wakuu watatu. Kipaza sauti kilikuwa cha Kando na ukuta ulikuwa wa Juu, kwa hiyo hotuba zilisomwa kwa kupayuka. Kifungu cha kwanza kilisema: "Plagi ya Jumuiya itakuwa na nanii tatu, zenye urefu na umbo la nanii, zikiingia katika soketi iliyo tayari kwa nanii hizo." Vipimo vikaachiwa Awamu ya Pili.

Nayo marufuku ya vyombo vya kigeni itaendelea mpaka soketi mpya ziwekwe, na soketi mpya zitawekwa vipimo vikipatikana. Lakini sheria ya kulilinda neno ilianza kazi siku hiyo hiyo, kwa kuwa haikuhitaji vifaa. Nanii likawa neno rasmi la nchi tatu. Asilitumie mtu kwa kitu kingine chochote.

Kwa hiyo simu haikunywa. Lugendo hakujali tena. Alipanda treni ya kwanza. Katikati ya njia, pale treni ya kwenda na ya kurudi zinapopishana, alikuwa ameegemea upande wa kivuli, amelala fofofo, mdomo wazi, sanduku mapajani.

Nyumbani alikuta mlango una kufuli.

"We!" Jirani yake, Bi Mastura, aliliangusha beseni la nguo. "Si umekufa wewe?"

"Sijafa, Bi Mastura. Yuko wapi?"

"Amekufuata! Kapanda treni jana. Kila siku anapiga, anaambiwa mteja hapatikani, mteja hapatikani. Watu wakamwambia aweke matanga, yeye akasema huyo mteja ana sauti ya kike, hawezi kujua mume wangu alipo. Redio iliposema mmesaini, akasema basi sasa ninakwenda kumchukua."

Lugendo alikaa kwenye kizingiti. Bi Mastura alimletea ufunguo na uji. Simu ikatiwa kwenye soketi ya ukutani, ikanywa kama ng'ombe. Alipopiga, ilikuwa zamu yake kuambiwa mteja hapatikani. Yeye alielewa maana yake. Simu ya Kando, ardhi ya Juu, chaji imekwisha.

Habari kamili aliletewa na Bwana Ngwatu, kondakta wa ile treni, mtu mnyoofu aliyekuwa amemsaidia Sikudhani kubeba kikapu mpaka mezani pa uhamiaji.

"Wakamuuliza, mama umefuata nini Juu?" Ngwatu alisimulia, ameshika kofia. "Akasema, nimemfuata nanii. Afisa akafungua kitabu cha sheria mpya. Akamuuliza, nanii za bapa au za duara? Mkeo akasema, mrefu kiasi, ana upara. Afisa akauliza, idadi? Akasema, mmoja tu, Mungu kanipa mmoja."

"Wakaandika nini?"

"Mfanyabiashara wa vifaa vya umeme. Amekuja kufuata nanii. Na mfanyabiashara, bwana, hatoki mpaka mzigo wake upatikane na upigwe muhuri wa ubora. Na nanii hizo bado hazijapimwa, si ndiyo?"

"Bado," alisema Lugendo. "Hiyo ni Awamu ya Pili."

Ngwatu akageuza kofia upande wa pili.

"Nikampeleka kwa yule Mama Rukonge. Mama akamwambia, mwanangu, hilo neno litakuponza, mtaje kwa jina lake. Mkeo akakataa. Mama akambembeleza. Mwisho mkeo akageukia ukutani, akakutaja."

"Alinitaja?"

"Jina lako lote. Hemedi Lugendo. Mama Rukonge akasema, mbona kaondoka jana."

Lugendo alikuwa hajapata kulisikia jina lake kinywani mwa mkewe, siku hata moja. "Alilitajaje?" aliuliza.

Ngwatu alifikiri, kwa sababu alitaka kusema kweli. "Polepole. Kama mtu anayeonja chakula cha mgonjwa."

*

Lugendo aliomba kumwona Waziri. Akaeleza kwamba nanii si chuma, ni mkewe. Mheshimiwa Tindwa alimsikiliza huku anasaini mambo mengine.

"Ndugu Lugendo, taifa linakushukuru kwa neno hilo. Lakini ulilitoa bila pingamizi. Sasa ni mali ya nchi tatu. Siwezi kuivunja Jumuiya kwa ajili ya mapenzi ya watu wazima."

"Basi nipe ruhusa nikakae naye huko."

"Mjumbe aliyesaini haruhusiwi kuingia Juu hadi Awamu ya Pili iishe. Atashawishi vipimo." Akamtazama kwa huruma rasmi. "Sanduku lako bado lina magurudumu?"

"Lina."

"Liazime wizara. Tumempata mjumbe mpya."

Waliohusika wako hivi. Profesa Ishengwa anaongoza Awamu ya Pili, ambayo imeanza na kujadili maana ya urefu. Bi Theodosia Mkwilima alirudi Chini, akawasumbua watu wake, akaomba arudishwe kwenye kamati, akarudishwa. Mheshimiwa Tindwa sasa ni Waziri wa Maji. Rais wa Juu alifariki na fimbo yake imewekwa makumbusho. Wa Chini yupo, amebakiwa na jino moja. Mzee Lutome alivuna mihogo. Plagi ya Jumuiya haijatengenezwa. Bwana Ngwatu alistaafu, na kondakta mpya hapokei salamu za mdomo. Bi Sikudhani anaishi kwa Mama Rukonge na anakaanga sambusa za kamati. Inasemekana ni nzuri kuliko za mwanzo na vikao vimekuwa virefu zaidi. Hemedi Lugendo yuko Kando. Kila magharibi anapiga simu, anaisikiliza ile sauti ya kike mpaka mwisho, halafu anakaa kimya kidogo ndipo akate. Umeme anauachia simu tu. Anapikia mkaa.